Nafasi Moja Mnarani

Jumapili, 2 Novemba

Siku kubwa! Baada ya kanisa tulikutana kwenye benchi letu kama kawaida, nyuma ya duka la mbegu la Mzee Mungai, hatua chache kutoka ua wa uwanja wa ndege. Kikundi cha Senyenge. Wanachama sita, wawili hawaji. Kazi yetu ni kutazama ndege, kusoma namba ya mkiani na kuandika. Hatulipwi. Kapseret nzima inatuona wagonjwa.

Mzee Mungai akatoa barua mfukoni. Tumekubaliwa kutembelea mnara wa kuongozea ndege! Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe kumi, saa nne asubuhi. Mtu mmoja tu.

Mtu mmoja! Mimi, Protus Wabuge, karani wa ghala la mahindi, nina miaka kumi na saba upande huu wa ua. Madaftari kumi na moja yamejaa. Sijawahi kupanda ndege. Sijawahi hata kutumia choo cha uwanja. Nataka kupanda mnara huo kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote duniani. Naandika hivyo bila aibu.

Nikapendekeza aende mkongwe. Mzee akasema mkongwe ni yeye, ila magoti yake yameshakataa ngazi. Nikapendekeza mkongwe wa pili. Mtu akakohoa.

Ikaamuliwa tushindane. Kuanzia kesho hadi Jumamosi kila mtu aandike ndege alizoziona, na Jumapili madaftari yasomwe mbele ya watu. Sheria ni ile ile ya siku zote: Macho Kwanza. Ndege haiandikwi mpaka uione kwa macho yako, na shahidi asiye mwanachama atie sahihi. Ukiandika uongo unachaniwa ukurasa hadharani.

Kipkoech wa boda boda akajitoa, eti ana abiria. Tumebaki mimi na Kageha.

Kageha! Fundi wa simu. Amejiunga Machi. Machi ya mwaka huu!

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema jino. Betty, mkubwa wangu, amenionea huruma mpaka nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Saa kumi na mbili asubuhi niko uani, pale kwenye senyenge. Ukungu. Sikuona hata mkono wangu. Saa mbili ukainuka, ikaja ndege ya propela mbili kutoka Nairobi. Nikainua darubini. Darubini yangu ni ya mitumba na ina jicho moja tu linaloona, la kushoto limeota ukungu wake wenyewe tangu 2014. Mpaka nipate mkia, ndege ilikuwa imeshaegeshwa. Nikasoma herufi tatu kati ya tano. Mbili nimekadiria.

Saa tatu akaja Kageha na thermos ya chai. Hakutazama juu hata mara moja. Akafungua simu ya mteja, akaanza kuibadilisha kioo. Simu yake mwenyewe ameiegemeza kwenye thermos. Bila kuinua kichwa akaniambia, "Karani, kuna moja inakuja in eleven minutes."

Nikacheka kwa dharau. Ikaja baada ya dakika kumi na moja. Akasimama, akaitazama, akaandika, akaketi. Namba aliijua kabla sijapata jicho langu.

Zamani kulikuwa na heshima. Mzee Mungai alianza na masikio. Mpaka leo ukimfumba macho atakuambia injini ngapi na zimechoka kiasi gani. Mimi nilianza na penseli. Halafu darubini. Halafu redio ndogo ya kusikiliza marubani wakiongea, ingawa mimi ilinishikia mahubiri tu, miaka mitatu mfululizo. Na sasa mtu anaambiwa na simu! Hiyo si kutazama ndege, hiyo ni kungoja teksi.

Shahidi wangu ni Mama Mwihaki, mwenye nyumba yangu. Hatii sahihi bure. "Wabuge, sahihi moja, gunia moja ya nepia." Nimekata magunia matatu ya majani hayo kwa ajili ya ng'ombe wake. Mikono inawasha.

Mpango wa kwanza: nisubiri simu ya Kageha iishe chaji. Nimesubiri mpaka jioni ndipo nikakumbuka kwamba yeye ndiye anayechajia Kapseret nzima simu.

Kageha 4. Mimi 3.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa pili ni wa akili sana. Najisifu.

Wiki hii watu wameanika mahindi kwenye maturubai na kila mchana mbingu inawatisha. Kila mtu anauliza kama itanyesha. Basi asubuhi nikapita kwa wakulima, mmoja mmoja, nikawanong'oneza kwamba simu ya Kageha inaongea na ndege, na ndege ziko huko huko mvua inakotengenezewa. Waende wakamuulize yeye. Nia yangu: wamsumbue siku nzima asipate nafasi hata ya kupiga chafya.

Walienda! Saa nne nilihesabu watu kumi na wanne wamemzunguka, wote wanauliza mara moja. Nikajificha nyuma ya duka, nikacheka mpaka nikashika ukuta.

Ikaja ndege ya mizigo. Kageha akaonyesha kidole. Watu kumi na wanne wakaitazama pamoja naye. Watu kumi na wanne wakatia sahihi. Kuna nyanya mmoja aliyeweka kidole gumba na wino, kama wa kura.

Mashahidi kumi na wanne! Bure! Na walimletea mahindi ya kuchoma!

Mimi ndege hiyo nimeikosa. Nilikuwa bado nimeshika ukuta.

Nimekata magunia mawili. Mchana nimekunywa uji tu, kwa sababu Betty hupita hapa akienda benki na jino langu linapaswa kuuma.

Kageha 9. Mimi 5.

Jumatano, 5 Novemba

Nimefikiria usiku kucha. Dawa ya moto ni... hapana, sitamaliza sentensi hiyo, mwalimu wangu wa darasa la saba alikuwa akiichosha. Nasema hivi tu: kama Kageha ana simu, mimi nitakuwa na mtambo.

Nimeangalia video. Kumbe kila ndege inapiga kelele kimya kimya angani siku nzima, ikitaja jina lake, kimo chake na inakoelekea. Simu ya Kageha inasubiri kuambiwa na mtu mwingine wa mbali aliyesikia. Lakini ukiwa na mtambo wako mwenyewe unasikia moja kwa moja! Unahitaji laptop, kidude fulani cha USB, na antena. Antena watu wanajitengenezea kwa kopo la soda. Kopo la soda! Mungu amewakumbuka maskini.

Kipkoech ana laptop ya binamu yake aliyemaliza chuo Chepkoilel. Alitaka darubini. Niliishika mkononi kwa muda. Miaka kumi na miwili tumekuwa pamoja. Lakini mtambo unaona kilomita mia tatu, na darubini yenyewe ni chongo. Tukabadilishana. Kipkoech akaning'ang'ania mkono kwa furaha, akaondoka haraka, nikaona huyo ndiye mjinga.

Kidude nimekipata mjini. Muuzaji alisisitiza ni cha kutazamia televisheni. Sikumbishia. Watu wengine hawana maono.

Antena nimeifunga juu ya paa la zizi, mahali pa juu kabisa katika ploti. Waya ukashuka kupitia zizini hadi dirishani kwangu. Nikawasha. Hakuna kitu. Nikangoja saa moja. Hakuna kitu. Nikaenda kuangalia. Ng'ombe wa Mama Mwihaki alikuwa ameutafuna waya karibu mita mbili na alikuwa akinitazama kwa utulivu.

Kageha 12. Mimi bado 5. Lakini subiri.

Alhamisi, 6 Novemba

INAFANYA KAZI!

Nilinunua waya mwingine, nikaupitisha juu kwa juu. Saa mbili asubuhi kioo kikajaa vindege. Wangu! Nimewasikia mwenyewe kwa kopo langu! Mmoja anaenda Johannesburg. Mmoja ametoka Addis Ababa. Mmoja yuko juu ya Ziwa Turkana, futi elfu thelathini na tisa, na rubani wake hajui kwamba Protus Wabuge anamtazama akiwa na soksi moja.

Sikutoka nje siku nzima. Kutoka kwenda wapi? Dunia yote iko mezani. Mchana kitu kilipita juu ya nyumba kwa kishindo, vikombe vikalia, nikafunga dirisha ili nisikilize mtambo vizuri.

Leo nimeona ndege sitini na moja. Kwa macho yangu, sijatazama yoyote. Hapa kuna swali la kisheria. Sheria inasema Macho Kwanza. Haikusema macho yaelekee wapi. Nimetazama kioo kwa macho. Macho ni yale yale! Hata hivyo nimeandika saba tu, zile zilizokuwa zikija kutua, maana mimi si mlafi.

Mama Mwihaki alitia sahihi saba bila kuinua kichwa. Alikuwa akikamua. Magunia saba ya nepia, nitalipa polepole.

Jioni Kipkoech alipita. Nikamuuliza kwa upole darubini inaendeleaje. Akasema alimpa Kageha jana hiyo hiyo, amtengenezee kioo cha simu. "Buda, kwani hukujua?" Na Kageha ameifungua, ameisafisha ndani kwa ile spiriti yake ya simu. Dakika kumi. Sasa macho yote mawili yanaona.

Miaka kumi na moja nilikuwa nikikunja jicho moja! Naenda kulala na hasira ya kweli.

Kageha 15. Mimi 12.

Ijumaa, 7 Novemba

Leo ndiyo leo. Kapseret yote ilijua tangu asubuhi: Jumbo la mizigo linakuja. Injini nne! La mwisho lilitua hapa kabla sijanunua hata penseli. Mzee Mungai alisema atakayeliandika Jumbo ataheshimiwa kuliko aliyeandika ndege ndogo kumi. Maana yake nikilipata, mnara ni wangu.

Saa nane na nusu nikalinasa! Lilikuwa bado mbali kaskazini, likishuka. Nikaandika namba yake yote bila kukadiria hata herufi moja. Futi elfu ishirini. Elfu kumi na nne. Elfu kumi.

Saa tisa mvua ya mawe ikaanza. Mawe kama maharagwe, kisha kama njugu. Bati likapiga kelele mpaka nisisikie mawazo yangu. Nje watu walikuwa wakikimbia huku na huko wakifunika mahindi, wengine wakipiga mayowe na kuonyesha juu. Niliwahurumia. Wamesimama kwenye mvua kama watu wa kale, na mimi nimekaa pakavu najua kila kitu.

Elfu tisa. Elfu nane. Kishindo juu ya nyumba, kikubwa, kikombe kikaanguka. Nikapaza sauti kwamba watu wapunguze kelele. Elfu saba na mia tano, na uwanja wetu wenyewe uko karibu elfu saba juu ya bahari. Kisha Jumbo likatoweka kwenye kioo. Puu. Kila ndege ikitoweka chini hivyo maana yake imetua. Hata mtoto anajua.

Nikaandika: "Saa tisa na dakika kumi na mbili. Jumbo limetua. Jeupe, mstari wa buluu ubavuni. Moshi mwembamba kwenye magurudumu. Limetua taratibu, kwa adabu." Hiyo ya adabu naipenda sana.

Nikakimbia kwa Mama Mwihaki. Alikuwa chini ya turubai akiokoa mahindi, mkono mmoja tu nje. Nikamwekea kalamu kwenye mkono huo. Akauliza ni nini tena. Nikamwambia ni la mwisho, na nitakata nepia wiki mbili nzima. Mkono ukaandika.

Mvua ilipokwisha nikakuta kopo la soda limo ndani ya hori la ng'ombe, limebonyea. Mawe yaliiangusha antena. Si neno. Lilikuwa limeshatua.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepiga pasi shati. Nimepaka viatu rangi mara mbili. Nimefanya mazoezi ya kuwasalimu wale wa mnarani mbele ya kioo: kwanza kwa tabasamu, halafu bila tabasamu. Bila ni bora. Inaonyesha uzoefu.

Kageha alipita kuchukua chaja yake. Akaniuliza kama Jumbo nililiona. Nikasema vizuri kabisa, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akanitazama kwa muda mrefu, uso umekuwa wa ajabu. Akasema yeye kama ni mimi angeusoma tena ukurasa wake leo, polepole, kabla ya kesho. Mara mbili akasema polepole.

Anaogopa! Imeonekana wazi. Nimemwonea huruma, amejitahidi kwa mtu wa Machi.

Jumapili, 9 Novemba

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Benchi lilijaa. Wakulima wale kumi na wanne walikuja na watu wao. Mzee Mungai akaniambia nianze, "kijana," ingawa nina miaka arobaini na moja. Nikasimama. Nikasoma kwa sauti ya redio. Nilipofika kwenye Jumbo nikapunguza mwendo. Nikasoma mstari wa buluu. Nikasoma moshi. Nikasoma adabu.

Hakuna aliyepiga makofi. Nikadhani wameguswa.

Mzee Mungai akaniuliza kwa sauti ya chini lilitua likitokea upande gani. Nikasema upande wa kwetu, lilipita juu ya nyumba. Akasema ndiyo, lilipita. Mara mbili. Lilishuka kwenye mvua ya mawe, halikuona uwanja, likanguruma na kupanda tena. Likazunguka, likajaribu mara ya pili, likapanda tena, likaenda Nairobi. Alilisikia kwa masikio yake akiwa kitandani. Kapseret yote ililiona. Kulikuwa na watu wamesimama kwenye mawe, mahindi yamesahauliwa, wanapunga mikono.

Wote wakanitazama. Nikasema labda lilitua kidogo.

Kicheko kilianzia kwa yule nyanya wa kidole gumba. Sitaeleza kilivyoenea.

Mama Mwihaki akaitwa kama shahidi. Akasema wazi kwamba alikuwa chini ya turubai, hakuona hata ng'ombe wake, na kwamba Wabuge ana deni la nepia kuanzia Alhamisi.

Kisha Kageha akasoma. Bando lake la intaneti liliisha Ijumaa asubuhi, kwa hiyo alisimama uani na darubini. Darubini yangu! Ameandika: "Jumbo. Halikutua. Niliona tumbo na magurudumu. Mkia ulikuwa mawinguni, namba sikuisoma." Basi. Mistari miwili mikavu. Makofi mpaka ndege wa kweli wakaruka kwenye miti.

Mzee Mungai akachana ukurasa wangu. Aliuchana polepole, kwa adabu.

Nilienda shambani kukata nepia ili watu wasione uso wangu. Nililia. Miaka kumi na saba, na mtu wa Machi ndiye anayepanda mnara. Na lililoniuma zaidi ni kwamba lilipita juu ya kichwa changu mara mbili, lenye injini nne, na mimi nikaliambia linyamaze.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilisema sitaenda. Saa nne kasoro nikajikuta uani. Mnarani, nyuma ya vioo, nikamwona mtu mdogo akipunga mkono. Alikuwa Kageha. Nikajifanya nakuna kichwa. Kisha nikapunga.

Mchana alikuja mlangoni kwangu. Alisimulia kila kitu bila kujivuna. Kwamba huko juu wana vioo vya kompyuta pande zote, lakini wao wenyewe wanatazama nje dirishani, na mezani kuna darubini. Kwamba aliwaambia kuhusu madaftari kumi na moja, na mkubwa wao akasema angependa kumwona mtu huyo. Wamekubali mtu mmoja zaidi. Desemba, tarehe nane.

Mzee Mungai amekubali niwe mimi, kwa sharti moja. Kuanzia kesho hadi siku hiyo daftari langu liwe safi. Niandike tu nilichokiona, siku ile ile niliyokiona. Ndege moja ya uongo, na nafasi inakwenda kwa Kipkoech, ambaye hata hataki.

Kisha Kageha akanirudishia darubini. Macho mawili! Nilitazama mlima wa upande ule nikaona mbuzi mmoja mmoja. Nikamwapia Kageha, nikamwapia Mzee Mungai kwa simu, nikamwapia hata Mama Mwihaki aliyekuwa akipita na ndoo, kwamba mimi wa zamani amekufa na kuzikwa. Nimejifunza. Kwa moyo wangu wote nimejifunza. Uaminifu ndio kila kitu.

Na kwa kuwa ni kila kitu, sitaki uponyoke hata siku moja kwa ajili ya ukungu, au mvua, au Betty, anayesema jino langu lirudi kazini kesho. Kwa hiyo nimekaa mchana huu nikafanya jambo la busara. Nimefungua daftari jipya na nimeandika ndege zote hadi tarehe saba Desemba. Si nyingi, za kiasi, hakuna Jumbo hata moja. Mama Mwihaki ametia sahihi zote kwa mkupuo, na nimeacha nafasi ndogo ya hali ya hewa, niijaze kwa uaminifu kila jioni.

Nzuri kuliko zote ni ile ya Alhamisi ijayo. Ilitua vizuri sana.